Nyumba Niliyoichora Tupu

"Iko kwa faili, mama. Haijapotea."

Kijana aliyeniambia hivyo hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amevaa kofia ya mjengo, amesimama penye pengo la ukuta wa mabati huko Ngara, Nairobi, na nyuma yake tingatinga limeinamisha shingo juu ya rundo la mawe. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye matatu kabla ya kituo changu kwa sababu nilipochungulia dirishani sikuliona paa nililolizoea. Nimepima na kuchora majengo ya zamani ya jiji hili kwa miaka 22, na bado jambo la kwanza lililonijia ni kwamba dereva amebadilisha njia.

Kijana akaingia kibandani, akatoka na faili ya plastiki. Akaifungua mbele yangu kwa heshima, kama anayemwonyesha mgeni picha za harusi. Mle ndani mlikuwa na michoro yangu: karatasi 14, jina langu kwenye kona ya chini upande wa kulia, na muhuri juu yake.

"Unaona? Ilihifadhiwa kwanza. Ndiyo tukapewa ruhusa."

Niliutazama mwandiko wangu.

Sikuwa na la kumjibu. Nilimshukuru, nikavuka barabara, nikasimama mbele ya duka la simu nikijifanya natafuta namba. Hiyo ilikuwa Jumanne, yapata wiki 6 sasa. Tangu siku hiyo nimeandika makala hii mara nne na kuifuta mara tatu.

## Siku tatu na kamba mkononi

Nyumba yenyewe haikuwa ya mtu maarufu. Ilikuwa mojawapo ya zile nyumba za Ngara ambazo ukipita kwa miguu unaziona na ukipita kwa gari huzioni: mawe ya kuchonga, baraza yenye nguzo nne, mwaka 1934 umefinyangwa kwa plasta juu ya ukuta wa mbele, na uani nyuma, umezungukwa na vyumba. Familia iliyoijenga ilihama zamani. Siku hizi ilikuwa ikipangishwa chumba kwa chumba.

Niliitwa kuiweka katika kumbukumbu. Nililipwa. Siku tatu, mimi na wanafunzi wawili.

Wasioijua kazi hii hudhani ni kupiga picha. Kupiga picha ni sehemu ndogo tu. Kazi ni futi kamba, penseli na subira. Ukuta mrefu hatuupimi kipande kwa kipande kisha tukajumlisha, maana kosa la robo inchi kwenye kila dirisha litakufikisha mwisho wa ukuta ukiwa umepotea kabisa. Mtu mmoja anashika sifuri kwenye pembe, mwingine anaivuta kamba mpaka mwisho, na bila kuiinua mnasoma kila mlango, kila dirisha na kila nguzo kutoka pale pale ilipo sifuri. Kisha mnapima chumba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa kupishana. Chumba kilichonyooka hutoa namba mbili zinazolingana. Katika miaka yote hii nimevikuta vichache sana, na sijawahi kukilaumu hata kimoja kilichopinda.

Naipenda kazi hii kupita kiasi. Darini mwa nyumba ile nilitambaa kwa tumbo, tochi mdomoni, nikakuta kila kenchi imechongwa namba kwa patasi, tarakimu za Kigujarati, moja hadi tisa. Mwanafunzi wangu mmoja alizisoma bila shida. Bibi yake alimfundisha. Fundi alizikata mbao zikiwa chini, akazijaribu zikiwa zimelala ardhini, akazitia namba asije akazichanganya akishazipandisha juu. Ya 4 na ya 5 zilikuwa zimebadilishana nafasi. Siku moja ya mwaka 1934 mtu alikosea huko juu, akagundua akiwa amechelewa, akapachika kipande cha mbao kuziba mwanya. Paa likasimama miaka 90 hivyo hivyo.

Vigae vyake ni vile vya Mangalore vilivyoletwa kwa meli kutoka India, ambavyo bado vimefunika mapaa mengi ya Nairobi. Nilikigeuza kimoja kilicholegea. Mgongoni mlikuwa na herufi za kiwanda zilizochomoza, na pembeni yake alama ya kidole gumba cha mtu aliyekishika kigae kikiwa bado kibichi. Niliipima alama ile. Haikuwa na kazi yoyote kwenye mchoro. Niliipima tu.

Na barazani alikuwepo fundi wa nguo.

Alikuwa amekaa pale miaka 19: cherehani ya kukanyaga, kigoda, na kamba ya kutundika nguo zilizokwisha kushonwa. Miguu ya kigoda ilikuwa imechimba vishimo vinne kwenye sakafu ya simiti nyekundu, kila kimoja kina cha ukucha. Siku ya kwanza nilimwomba asogee ili niivute kamba ukutani. Akasogea. Siku ya pili nikamwomba tena. Siku ya tatu nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajaja, ili nipige picha za mbele pasipo kitu chochote barazani.

Zilitoka safi kabisa.

## "Foleni umeiweka wapi?"

Kuna swali niliulizwa mwaka wangu wa kwanza kazini, nikaliweka kando.

Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya Kipande House, pale Kenyatta Avenue, nachora. Jengo lile lilijengwa mwaka 1913, na mawe yake yalichongwa na watu walioijua kazi yao. Nilikuwa nikilichora jiwe kwa jiwe. Mzee mmoja akaja akasimama nyuma yangu, akatazama kwa muda mrefu bila kusema. Halafu akanieleza kwamba akiwa kijana alisimama pale, jua likiwaka, akachukuliwa alama za vidole, akatoka na kile kikebe cha bati kikining'inia shingoni.

"Umechora vizuri, binti yangu," akasema. "Lakini foleni umeiweka wapi?"

Nilicheka kwa adabu. Nikamweleza kwamba foleni si sehemu ya jengo.

Nikilikumbuka jibu lile sasa naona haya. Jengo lile halikupewa jina la fundi wake wala la mwenye kiwanja. Linaitwa kwa kile kipande, kitambulisho ambacho wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kukivaa. Ukiiondoa foleni pale unabaki na benki nzuri ya mawe, na mchoro wangu ndivyo ulivyokuwa, benki nzuri ya mawe. Mkuu wangu aliusifu. Uliwekewa fremu ukatundikwa ofisini, na mimi kila nikiupita nilikuwa najisikia fahari.

Yule mzee sikumwuliza hata anaitwa nani.

## Niliyokuwa nikijiambia

Sikuifanya kazi hii kwa upofu. Nilikuwa na hoja, tena hoja nzuri.

Ya kwanza ni Warsaw. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walimu na wanafunzi wa usanifu wa majengo wa chuo kikuu cha ufundi cha mji ule waliuzunguka mji mkongwe wakizipima nyumba na kuzichora. Vita vikaja. Michoro ikatoroshwa na kufichwa kwenye nyumba ya watawa huko Piotrków. Mji ulivunjwa kwa makusudi, mtaa baada ya mtaa. Vita vilipokwisha watu wakarudi kwenye kifusi, wakaifuata michoro yao, wakajenga. Mwaka 1980 UNESCO iliuingiza mji huo mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, ingawa ulikuwa umejengwa upya karibu wote. Hadithi hii nimeisimulia darasani mara nyingi mno, na kila mara nilipoimaliza darasa lilinyamaza.

Ya pili ni ya karibu, na inauma zaidi. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka katikati ya matengenezo. Jumba la mwaka 1883. Watu wawili walikufa. Nilikuwa kwa dada yangu, tumekaa mezani, simu ikaanza kulia na haikunyamaza mpaka usiku. Baada ya pole, kila mwenzangu aliuliza jambo lile lile: nani ana vipimo? Maana pasipo vipimo kila mtu angelikumbuka jumba kwa namna yake, na huwezi kujenga kwa kumbukumbu zinazogombana.

Kwa hiyo karatasi ina kazi yake. Hilo sitalikana hata leo.

Lakini wiki hizi nimeirudia Warsaw kichwani nikaona kwamba nilikuwa nikiisimulia nusu. Waliochora walikuwa watu wa mji ule ule. Walioificha michoro waliificha kwa sababu walikusudia kurudi. Yangu haikufichwa na mtu. Ilichorwa upesi, ikapigwa muhuri, ikawa mojawapo ya vibali ambavyo mkandarasi hukusanya kabla ya kuleta tingatinga: cha maji, cha umeme, cha kumbukumbu.

Nilikuwa nimejua hivyo tangu lini? Hilo ndilo swali linaloniamsha usiku. Nadhani nilijua siku niliyopigiwa simu, kwa sauti ya aliyenipigia. Alisema, "Tunahitaji ikamilike kabla ya mwisho wa mwezi." Nyumba ya miaka 90, na ina haraka ya mwisho wa mwezi. Sikuuliza. Nilikuwa na hamu ya kuliona lile dari.

## Ramani ya bibi

Bibi yangu alizaliwa Pangani ile ya kwanza ya Nairobi, kijiji ambacho serikali ya kikoloni ilikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Alikuwa na miaka 12. Nyumba ilikuwa ya mama yake. Wanawake wa Pangani wengi walikuwa wenye nyumba, wakiishi kwa kupangisha vyumba. Kuta za fito na udongo, paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa.

Sina picha yake hata moja. Hakuna aliyekwenda pale na kamba.

Lakini jioni, uani kwake Shauri Moyo, bibi alikuwa akivua viatu na kuitembea nyumba ile. Nilikuwa na miaka minane. Alianzia penye bomba la maji.

"Hapa baraza." Hatua tatu. "Hapa mlango, inama kidogo." Nami nainama chini ya kizingiti kisichokuwepo. "Huu ukumbi. Kulia chumba cha mama. Hiki cha pili alikaa mpishi wa reli, akikohoa usiku kucha. Hapa kushoto ndipo alipozaliwa mdogo wangu. Hapa usikanyage."

Kwa nini nisikanyage hakuniambia siku hiyo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba pale ndipo walipomwoshea baba yake.

Vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Wiki mbili baada ya ile Jumanne ya Ngara niliketi usiku nikaichora. Hatua ya bibi niliikadiria futi mbili, kwa kuwa alikuwa mfupi na alikuwa akitembea polepole kama anayehesabu. Nyumba ilikaa kwenye karatasi bila taabu. Unene wa kuta sikuujua, nikauwekea mstari mwembamba. Urefu wa mlango sikuujua pia, ila nilijua kwamba mtu mzima aliinama. Lakini aliyelala kila chumba nilimjua, na aliyezaliwa, na aliyekufa, na aliyekuwa akikohoa.

Nikaiweka kando ya michoro ya Ngara.

Karatasi 14. Unene wa kila ukuta, kina cha kila dirisha, namba za kila kenchi, hadi kidole gumba cha mtu wa Mangalore. Hamna mtu hata mmoja aliyeishi mle.

Nilikuwa nimeichora nyumba tupu. Na nyumba tupu, ukiishika mkononi namna ile, haikuambii kwa nini isivunjwe.

## Nilimtafuta fundi

Ilinichukua Jumamosi mbili. Mama anayeuza chai mtaa ule ndiye aliyenielekeza: amehamia Kariokor, upande wa nyuma ya soko, chini ya mwavuli.

Alinitambua kabla sijamsalimia. "Wewe ni yule wa kamba."

Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi. Hakuelewa radhi ya nini, na mimi sikuweza kumweleza vizuri. Akanisogezea kiti, akaendelea kutia zipu kwenye suruali ya mtoto wa shule. Halafu akasema ni vizuri nimekuja, maana alikuwa akitafuta mtu mwenye karatasi za ile nyumba. Wapangaji walikuwa wamepeleka malalamiko yao. Wenye vyumba walikuwa na risiti. Yeye wa barazani alilipa pesa taslimu, mkono kwa mkono, miaka 19, na hakupewa hata kipande cha karatasi. Alikuwa amesikia kwamba kuna michoro na picha.

"Mimi nataka tu ionekane nilikuwa pale."

Nilikuwa nayo mkobani. Nilikuwa nimemletea nakala kama zawadi. Tukaitandaza juu ya meza ya cherehani, akapita na kidole chake, akaifikia baraza upesi sana. Watu huisoma ramani ya mahali pao bila kufundishwa. Nguzo nne. Mlango. Madirisha mawili. Sakafu nyeupe.

Nikamwonyesha na picha. Nguzo nne, mlango, madirisha mawili, asubuhi nzuri.

"Hii inasema hapakuwa na mtu," akasema.

Hakusema kwa hasira. Aliikunja karatasi kwa mikunjo ile ile niliyokuja nayo, akanirudishia, akarudi kwenye zipu yake.

Nilirudi nyumbani nikalitoa daftari langu la nje, lile la penseli ambalo hakuna mteja anayeliona. Kwenye ukurasa wa baraza, pembeni, nilikuwa nimeandika siku ya kwanza: *vishimo 4 vya kigoda, fundi nguo, yuko hapa miaka 19*. Niliyaandika kwa sababu macho yangu yaliyaona. Niliyaacha nilipochora mchoro safi kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyokuwa nikiwafundisha wengine: toa vitu vinavyohamishika, baki na jengo.

Nilipiga nakala ya ukurasa ule, nikaweka tarehe na sahihi, nikampelekea. Shauri lao halijaamuliwa. Sijui kama karatasi ile itamfaa. Naandika hivi nikijua kwamba huenda isimfae.

## Vilivyosimama

Watu huniuliza sheria iko wapi. Sheria ipo. Ile ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi za kitaifa inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo katika gazeti rasmi la serikali, likalindwa. Iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ya mwaka 1913, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, leo ni Nairobi Gallery. Walipokuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo, leo zinatundikwa picha, na umbali wa miji mingine ulipimwa kutokea pale. Nafurahi kila nikipita.

Hata hivyo, fikiria Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya. Vitu alivyovikusanya, vinyago, nguo, vitabu, stempu, vinakaa chini ya mapaa mazuri katikati ya jiji, pale Nairobi Gallery na kwenye jengo la nyaraka za taifa ambalo zamani lilikuwa benki. Nyumba yake ya Muthaiga, aliyoiuzia serikali akitumaini itakuwa mahali pa kusoma mambo ya Afrika, iliachwa ikachakaa, kisha ikavunjwa. Vitu vilivyotoka ndani yake vina lebo na namba. Mahali vilipokaa pamoja, na mtu aliyeamka asubuhi akavitazama, hapapo.

Na fikiria bustani ya Jeevanjee. Mwaka 1991, ilipotakiwa igeuzwe maegesho na maduka, haikuokolewa na ramani yake. Zarina Patel, mjukuu wa A. M. Jeevanjee aliyeitoa, alisimama akaita wengine, na waliosimama naye walikuwa watu waliozoea kukaa pale: anayekula chakula cha mchana kwenye benchi, anayehubiri, anayesubiri kazi. Bustani ilikuwa na watu wa kuisemea kwa sababu ilikuwa na watu.

Nilikuwa nikizitumia habari hizi mbili kwenye mihadhara yangu, kila moja kivyake, moja kama huzuni na nyingine kama ushindi. Sikuwahi kuziweka pamoja.

## Sifuri

Nimebadilisha mambo machache, na sina hakika nayo yote.

Kila karatasi inayotoka kwangu sasa ina mstari mmoja juu ya jina langu: *Mchoro huu si ruhusa ya kubomoa.* Mteja mmoja aliniomba niuondoe. Nilikataa, akampa mtu mwingine kazi. Mwanafunzi wangu yule aliyesoma tarakimu za Kigujarati aliniuliza swali ambalo bado sijalijibu: nyumba ikiwa itavunjwa kesho, na amri imeshatoka, utakataa kuipima? Wewe si ungetoa chochote upate mchoro mmoja tu wa Pangani?

Ningetoa chochote. Anajua, na mimi najua.

Nimemwambia kwamba labda nitapima, lakini sitamwomba mtu asogee. Alinitazama kama anayeona kwamba hilo halitoshi. Huenda ana haki.

Jumamosi iliyopita tulianza Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, mateka wa Kiitaliano wakiwa miongoni mwa walioujenga. Uvumi wa kuvunjwa kwake nimeusikia kila mwaka tangu nianze kazi. Hakuna aliyetuita safari hii na hakuna anayetulipa. Tulibisha hodi nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba akasema karibuni lakini nina maharagwe motoni, nasi tukapima tukilizunguka jiko. Mvuke ulitulowanisha karatasi. Kijana wake wa miaka tisa aliomba kazi, nikampa ncha ya kamba, nikambana kidole gumba juu ya pembe ya ukuta.

"Hapo ndipo sifuri. Usiiachie mpaka nikwambie."

Kwenye kile chumba kidogo cha nyuma mlikuwa na magunia, baiskeli isiyo na gurudumu, na masanduku hadi juu. Niliandika: *stoo*. Mama akaja, kijiko mkononi, akachungulia juu ya bega langu.

"Hapo si stoo. Hapo alilala mjomba, tangu alipostaafu reli mpaka alipofariki. Hivi vitu tumeviweka juzi tu."

Nikachukua kifutio.

"Usifute," akasema. "Si vitu vimo? Andika yote mawili."

Nikaandika yote mawili. Ukanda wa karatasi ulikuwa mwembamba, nikalazimika kuandika kwa herufi ndogo sana, na kuuliza mjomba alilala kichwa upande gani, na dirisha lilifunguliwa au lilifungwa. Lilifungwa. Alikuwa hapendi baridi.

Kutoka pembeni mtoto akauliza kama sasa anaweza kuiachia sifuri. Nikamwambia bado, kuna ukuta wa uani hatujaumaliza.